Nyumbani kwa Chokaa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wako wanaosema hivyo wakimaanisha familia. Mimi namaanisha nyumba. Napenda kiti changu cha fotei chenye springi moja iliyokufa, napenda dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na napenda kujua kwamba kutoka kitandani hadi chooni ni hatua kumi na nne, hata umeme ukikatika. Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani sokoni Jabe, na nyumba yangu iko Buyenzi, hapa hapa Bujumbura, karibu kiasi kwamba nikisahau bisibisi narudi kuichukua, na nikishaichukua nakaa kidogo. Gitega nimefika mara mbili. Mara ya pili nilikwenda kuhakikisha kama kweli mara ya kwanza sikukosa kitu. Sikukosa.

Kwa hiyo watu wa Jabe waliposikia kwamba nimevuka Tanzania nzima hadi Tanga, tena kwenda kuingia ndani ya pango, waliuliza nani alinibeba. Swali halikuwa baya. Alinipeleka mama mkwe wangu, ingawa njia nzima hatukusemezana, na ingawa kwa miaka yote kumi na tisa ya ndoa yangu hadi siku hiyo hatukuwahi kusemezana.

Hatujagombana. Yeye ni mtu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, na kwao mkwe haguswi. Hampeani mkono, hamli sahani moja, hampishani mlangoni, hamtazamani usoni. Kitu kikitoka kwake kuja kwangu anakiweka chini kwanza, anarudi nyuma, ndipo mimi nakiokota. Akija kwetu anakohoa getini, nami natoka kwa mlango wa jikoni. Uso wake nimeuona vizuri mara mbili: siku tulipoletewa picha ya harusi, na siku picha hiyo ilipobadilishwa kioo. Yote tunayotaka kuambiana yanapita kwa mke wangu. Mke wangu asipokuwepo, yanapita kwa vitu.

"We ukuta," atasema mama mkwe akiwa saloni, yaani sebuleni, "mwambiye mwenye nyumba sukari imeisha."

Nami kutoka jikoni naliambia pazia kwamba nimesikia. Wageni wakitukuta hivyo hutuonea huruma. Sisi tunaelewana kuliko wengi wanaotazamana.

Marehemu mume wake alikuwa fundi wa kupaka chokaa. Kabla ya kila Idi nusu ya kuta za Buyenzi zilipita mikononi mwake, na chokaa yote aliikoroga mke wake, ndani ya pipa, kwa mti mrefu, na chumvi kidogo ili ishike ukutani. Chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka kama imetukanwa. Siku moja ilimrukia. Jicho la kushoto liliishia hapo. Aliendelea kukoroga miaka mingi baadaye kwa kutumia la kulia, kwa maelezo kwamba kuta bado zilikuwa zinachafuka. Kisha na la kulia likaanza kufunga. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya jicho: kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitakwenda polepole. Alimpa dawa ya matone ya kumchelewesha mwizi, si ya kumkamata.

Mwaka huo mdogo wa mke wangu, aliyeolewa Tanga, alijifungua. Ilikuwa lazima mama mkwe aende kumwona mjukuu. Mke wangu angekwenda naye, na shemeji yangu, kaka yake, anayefanya kazi ya kupitisha mizigo bandarini, angewasindikiza. Mimi nilipangiwa kubaki na watoto na fotei. Ulikuwa mpango mzuri kabisa. Niliuharibu mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Jioni moja mama mkwe alikuwa saloni kwetu na mke wangu, wanaongea na yule binti wa Tanga kwa simu, sauti imefunguliwa. Binti akasema karibu na kwao kuna mapango makubwa, watu wanatoka mbali kuja kuyaona, na wao lazima wapelekwe. Mimi jikoni nikaona safari inarefuka. Nikaamua kuwavunja moyo.

"Pazia," nikasema kwa sauti, "waambie hayo mapango ni chokaa tupu. Mvua inakula jiwe la chokaa, panabaki tundu. Basi, hakuna kingine."

Hilo nililikumbuka kutoka sekondari, somo la jiografia, ambako mwalimu alitufundisha pia habari za mawe mawili ya pangoni, moja linashuka kutoka darini na jingine linapanda kutoka chini, kila moja na jina lake la Kifaransa. Katika mtihani niliyageuza. Mpaka leo sijui lipi ni lipi, na sikuwahi kudhani kwamba nitadaiwa jibu.

Kisha nikasikia, "We ukuta. Muulize, chokaa ile ile?"

"Pazia, mwambie Mama ni ile ile. Wanachoma mawe hayo, ndiyo inakuwa chokaa."

Nikasikia anamaliza chai, kikombe kikarudi kwenye sahani.

"Ile kitu ilikula jicho yangu," akasema, "inajua kwangu. Mi sijawahi kuona kwao. Nitaenda kuona, jicho moja ingali ipo."

Wiki ya safari meli zilishusha mizigo mingi na shemeji akakosa ruhusa kazini. Mke wangu alisimama mbele ya fotei yangu akiwa ameshika mifuko miwili.

"We njo ulimwambia kuna chokaa," alisema. "Utamupeleka."

"Mi mgongo unaniuma."

"Mugongo haujaanza kuuma."

Alikuwa sahihi, kama itakavyoonekana.

Watoto tuliwaacha kwa dada yangu anayekaa Cibitoke. Nilitengenezewa lesepase, karatasi ya kuvukia mpaka, yenye picha ya mtu anayeonekana anarudishwa kwao. Kwenye basi mama mkwe alikaa kiti cha mwisho kabisa na mimi nyuma ya dereva, ili tusionane, na kwa muda wote wa safari mke wangu alikuwa akitembea katikati kama kondakta. "Mama anasema upunguze kukoroma." "Mwambie sijalala." "Anasema basi upunguze kupumua."

Tanga nilikuta aibu nyingine. Mwenzangu, yaani mume wa yule binti, ni mtu wa pwani, na pwani mkwe ni kama mama. Alimpokea mama mkwe kituoni kwa mikono miwili, akambusu mkono, akamshika bega, akambebea mfuko. Nilitazama pembeni kama mtu aliyeona ajali. Mama mkwe alisimama wima mpaka yakaisha.

"Yule si mukwe," alimwambia mke wangu baadaye, na mke wangu akanifikishia. "Yule ni mutoto. Nimemusamehe."

Siku ya tano ndipo tukaenda mapangoni. Binti alibaki na kichanga, mumewe alikuwa kazini, kwa hiyo tulikuwa watatu, pamoja na kijana aliyepewa kazi ya kutuongoza. Njiani nilikuwa na matumaini kwamba mahali patakuwa pamefungwa. Palikuwa wazi kabisa, mlango mpana kama wa gereji, unatoa hewa ya baridi na harufu ya popo.

Mama mkwe aliligusa jiwe la mlangoni, akalikwaruza kwa ukucha, akaonja.

"Njo yenyewe," alisema.

Tukaingia kwa mstari: kijana na tochi yake, mama mkwe ameshika bega la mke wangu, kisha mimi, mbali kidogo, kama mkia ambao bado haujaamua. Kijana alikuwa mchangamfu. Alituonyesha jiwe kama simba, jiwe kama meli, na jiwe kama kiti cha sebuleni, ambalo nilijaribu kulikalia na nikakuta ni bora kuliko fotei yangu. Kila alipoonyesha, mama mkwe aligeuza kichwa ili jicho la kulia lifike, akatazama, kisha akasema, "Hiyo ni ya kijivu. Nyeupe iko wapi?"

"Bibi, nyeupe iko ukumbi wa ndani," kijana alisema. "Twafika sasa hivi."

Tulipofika, tulifika kwenye ukuta. Katika ukuta, kimo cha kifua, palikuwa na tundu ambalo mtu angepita kwa tumbo. Kijana akaeleza utaratibu. Upande wa pili kuna mteremko wa utelezi, kwa hiyo bibi anataka watu wawili wa kumpokea, mmoja wa kumshika na mmoja wa kumulika na kuweka miguu. Upande huu anataka mmoja tu, wa kumnyanyua kwa nyuma.

Alisema hivyo akinitazama mimi. "Baba ndiye mwenye nguvu. Baba atamnyanyua."

Mke wangu alianza kucheka, akajishika mdomo, akacheka kupitia vidole. "Huyu? Huyu hawezi hata kumuuliza ameamuka aje."

"Kwani wamegombana?"

"Apana. Wanaheshimiana. Njo shida yenyewe."

Kijana aliangalia tundu, akaniangalia, akaangalia tundu. Kwa upole akasema si lazima, wageni wengi huishia hapa, hapa napo ni pazuri.

"Mwambiye huyu kijana," alisema mama mkwe, "mi sijatoka Bujumbura kuja kuona baraza."

Nikasema labda turudi mwaka ujao, shemeji akiwa na nafasi. Niliposema hivyo mke wangu aliacha kucheka. Alinisogelea akasema chini chini, kwa Kirundi, ambacho hutumia anapotaka nisibishe, kwamba mwaka ujao mama yake ataletwa hapa kwa ajili ya kunusa. Kisha akavua ushungi wake wa nje, akaukunja, akauweka kwapani, akamwambia kijana ashike tochi vizuri, akaingia tunduni kama aliyezaliwa humo. Kijana akamfuata.

"Mutapanga wenyewe," sauti ya mke wangu ilitoka upande wa pili.

Tukabaki wawili. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimefaulu kutokaa chumba kimoja na mama mkwe wangu, na sasa tulikuwa ndani ya kimoja kisicho na dirisha. Niliwasha taa ya simu, nikaiweka juu ya jiwe ikimulika darini, nikageukia upande mwingine. Maji yalidondoka mahali. Popo walijadili jambo lao.

Mama mkwe akakohoa.

Mwili wangu ulikwishaanza kwenda. Akikohoa, mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Miguu haikungoja niiambie. Nilipiga hatua mbili nikagonga paji la uso kwenye ukuta. Mlango wa jikoni ulikuwa Buyenzi.

"We ukuta," alisema nyuma yangu, taratibu kabisa, kama yuko saloni. "Kama kungekuwa na jiwe hapa chini ya tundu, mutu angepanda mwenyewe. Asingetaka kunyanyuliwa."

Nilitazama chini. Hapakuwa na jiwe. Palikuwa pamefagiwa. Katika pango zima, ambalo ni mawe juu ya mawe na ndani ya mawe na chini ya mawe, hapo ndipo mahali pekee pasipokuwa na jiwe.

Sikufikiri sana, na sitadai kwamba nilifikiri. Nilipita kando ya ukuta, uso kwenye ukuta, nikafika chini ya tundu, nikapiga magoti, nikaweka viganja chini. Magoti yangu hulia nikipiga hivyo, tangu zamani. Yalilia. Mwangwi ukayarudia, kila goti kwa zamu yake.

"Kumbe liko," akasema mama mkwe.

Kitu laini kikaanguka chini karibu na mkono wangu. Ulikuwa mtandio wake wa kitenge, ule wa juu. Aliuweka chini, akarudi nyuma, nikasikia hatua zake zikirudi. Nikauokota, nikautandaza mgongoni mwangu, nikarudisha viganja chini. Nikasikia anavua sandali. Kisha akasema tena na ukuta.

"Liambiye hilo jiwe lisitikisike."

Mama mkwe wangu si mwembamba. Mguu wa kwanza ulipokuja nilisema Bismillahi moyoni, wa pili ulipokuja nikasema iliyobaki. Ngozi yake haikunigusa. Kati yetu palikuwa na kitenge, na shati, na heshima zote za Fizi. Lakini kilo hazizuiwi na kitenge. Nilitazama sakafu. Kama kuna mtu anataka kujua sakafu ya pango la Tanga ilivyo, aje kwangu Jabe: ni ya udongo mwekundu uliokauka, na kulikuwa na siafu mmoja aliyepotea njia.

Hakuingia upesi. Kichwa na mikono vilikuwa tunduni, mke wangu na kijana wanaelekezana upande wa pili, "shika hapa, apana, hapa", na yeye amesimama juu yangu anangoja waelewane. Alingoja kama mtu aliye kwenye foleni ya mkate. Kisha akasema, na safari hii sikusikia neno ukuta.

"Marehemu alikuwa na ngazi ya miguu mitatu. Miaka yote ile mi njo nilikuwa naishika." Akavuta pumzi. "Ilikuwa inatikisika kuliko hii."

Miguu ikaondoka, mmoja, halafu wa pili. Nikasikia anapokewa, anateremshwa, anasimamishwa. Kisha sikusikia kitu. Hata kijana mchangamfu alinyamaza.

Nilipoweza kunyooka nilijaribu kuwafuata. Kichwa kilipita, mkono mmoja ukapita, tumbo likakataa. Nilichoona cha ukumbi mweupe wa mapango ya Tanga, baada ya siku zote zile za basi, ni kisigino cha mke wangu, nacho nakijua. Nikarudi kinyumenyume. Simu ikazima.

Giza la huko si kama la umeme kukatika. Umeme ukikatika nyumbani, naijua njia, hatua kumi na nne. Hapo nilinyoosha mkono mbele ya macho na mkono haukuja. Nilikaa chini, kitenge cha mama mkwe magotini, nikafikiri kwamba kwake giza litakuwa hivi, kila siku, na saloni yetu haijui kwa hatua, kwa sababu siku zote amekuwa akienda kwa jicho. Nikaanza kuhesabu kichwani kutoka getini hadi kiti anachokalia. Sikuweza kupata idadi. Kumbe sijawahi kupita njia hiyo yeye akiwepo.

Baada ya muda mrefu mwanga ulirudi tunduni, na sauti ikauliza, "We ukuta, jiwe bado liko?"

Nilipiga magoti. Yakajibu.

Mgongo uliniuma mwezi mzima, na mke wangu hakusema kitu, kwa sababu hana haja ya kusema. Huku Jabe niliwaambia ni ugonjwa wa mapangoni, unampata mtu anayeingia ndani sana.

Jicho la kulia lilichukua karibu mwaka na nusu. Sasa mama mkwe anatambua mlango ukiwa wazi, na jua, basi. Siku tuliporudi kutoka Tanga nilihesabu: kutoka getini hadi kiti chake ni hatua ishirini na mbili, na kizingiti kimoja. Nililiambia pazia, pazia likamfikishia, na yeye akasema kwake ni ishirini na nne, miguu yangu ni mirefu bure. Kizingiti nilikiondoa.

Bado anakuja kila Alhamisi. Anakohoa getini, natoka kwa mlango wa jikoni, anahesabu, anakaa. Kuna siku mke wangu ana wageni na mmoja anauliza habari za mapango, naye mama mkwe anasimulia. Husimulia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika saloni, ya kufika jikoni. Kwamba ukumbi ulikuwa mweupe kama ukuta wa Idi kabla watoto hawajauegemea. Kwamba kuna mawe yanashuka kama pazia, na mawe yanapanda kutoka chini kuyapokea, tone kwa tone, na mengine yameshakutana yakawa nguzo, na mengine yamebakiza nafasi ya kidole tu. Yale yaliyobakiza ndiyo mazuri zaidi, anasema. Kwamba hakuikasirikia chokaa. Alikuja kuona kwao, akaona ni watu wa kazi tu, wanapaka polepole.

Mimi ndivyo ninavyojua ukumbi ule. Wateja wakiniuliza nasema aliyosema, na wanadhani nimeona.

Alhamisi iliyopita mgeni alimuuliza kama kuingia ilikuwa vigumu, kwa umri wake.

"Apana," alisema. "Kulikuwa jiwe muzuri pale mulangoni. Halitikisiki." Akapandisha sauti. "Ila linahema sana. We ukuta, liambiye lipunguze ugali."

Nilikuwa jikoni, na sahani mkononi. Nikaliambia pazia kwamba nimesikia.